Nusu ya Mdomo wa Papa Zéphirin

Docteur Madeleine Ngalula alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata yeye mwenyewe hakuutafutia dawa: haamini kitu mpaka akione. Tangu utotoni ndivyo alivyokuwa. Katekista akisema jambo, yeye anauliza, "Nani aliona?" Mama yake, Mkasai wa kuuza vitambaa sokoni, alikuwa akimfunika mdomo kwa kiganja katikati ya misa. Haikusaidia kitu. Mtoto akakua, akasomea udaktari wa meno hapa hapa Lubumbashi, akafungua kabine yake ya kutibu meno mtaani Bel-Air, na swali likabaki lile lile.

Sasa jamani, mtu wa namna hiyo ukimletea taa ya bluu, umemletea matata.

Wateja ndio walioitaka hiyo taa. Kila mtu mjini alikuwa ameanza kutaka meno meupe kwa "moto ya bleu", kwa sababu kabine moja huko katikati ya mji ilikuwa imebandika picha yake kubwa barabarani. Mtu anaingia kwa Ngalula, anatazama juu, anatazama pembeni. "Docteur, taa iko wapi? Hakuna taa? Ah, basi nitarudia." Wala harudi ng'o.

Ngalula alikuwa amesoma mambo haya. Dawa ya kung'arisha meno ni peroksidi, ndugu wa ile eau oxygénée ambayo mama zetu walituoshea vidonda ikitoa povu. Inapenya ndani ya jino, inaachia oksijeni yake, na oksijeni ndiyo inayoikatakata rangi chafu mpaka jicho lisiione tena. Hilo halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye taa. Makala nyingi alizosoma zilisema kwamba dawa ikiwa kali, taa haiongezi kitu cha maana, ni mapambo tu. Nyingine zikasema inaongeza, tena sana. Wataalamu wakubwa, miwani puani, wanabishana mwaka baada ya mwaka. Ngalula akachoka kusoma mabishano ya watu. Akamwagiza Chilufya amletee taa moja na jeli ya ishirini kwa mia, aone mwenyewe.

Huyu Chilufya ni mwanamke wa Mokambo. Anavuka kwenda Zambia, anarudi, na mzigo wake mkubwa ni vitu vya saluni: nywele za bandia, rangi za nywele, mafuta. Taa aliileta. Jeli aliileta pia, ndani ya sindano ndogo kumi na mbili zisizo na ncha. Makarton alikuwa ameyatupa mpakani kama kawaida yake, ili mzigo upungue. Maandishi yaliyobaki kwenye sindano yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, tena kwa lugha ambayo Bel-Air nzima hakuna wa kuisoma. Lakini Chilufya ni mtu wa kusaidia. Alichukua kalamu nzito, akaandika juu ya kila sindano: 20.

"Njo ile uliniambia, docteur," alisema. "Ishirini."

Kitu kimoja tu kilimkwaruza Ngalula. Jeli alizozizoea zilikuwa angavu kama maji, hii ilikuwa nyeupe pepepe, kama rangi ya ukuta. Alitaka kuuliza. Mgonjwa akabisha hodi, daktari akasahau.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, na aliyebisha hodi ni Papa Zéphirin, mzee wa miaka sitini na sita, dereva wa treni aliyestaafu, mtu wa njia ya Sakania. Baba yake alitoka kaskazini akaja kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa ndani ya nyumba ya reli. Aliingia kofia mkononi, na kila aliposema neno alilifunika kwa ile kofia.

"Docteur, kesho banapasula bibi yangu jicho. Jeudi, kesho kutwa asubuhi, banatosha bandage. Ataniona."

"Iko muzuri sana, papa."

"Iko muzuri, na iko mubaya." Akashusha kofia, akafungua mdomo.

Meno yote alikuwa nayo, mzee wa watu, imara kabisa. Lakini rangi! Kahawia ya chai iliyosahauliwa jikoni, kuanzia kulia mpaka kushoto.

"Miaka ine haone," alisema Papa Zéphirin. "Anaona kivuli tu. Wakati macho yake ilianza kuingia ukungu, niliwaza labda ni moshi yangu njo inamuharibia. Nikashika rozari mbele yake. Nikasema, Marie-Thérèse, cigarette imekwisha."

"Na ilikwisha?"

"Docteur!" Akamwonyesha meno mara ya pili. "Nilikuwa navutia nyuma ya nyumba, pembeni ya kibanda ya kuku. Kisha natafuna menthe, kusudi harufu ipotee. Yeye hajue kitu. Jeudi akiona hii mudomo, atajua nilimudanganya miaka ine muzima, yeye akiwa mu giza. Nisaidie, mutoto wangu."

Ngalula alimhurumia, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini tuseme yote: nyuma ya huruma kulikuwa na kitu kingine kinarukaruka. Mdomo huu ulikuwa na rangi moja pande zote mbili. Mgonjwa wa namna hiyo hapatikani kila siku.

"Papa, nikuambie kweli. Hii taa, miye naona iko ya bule. Dawa yangu iko kali, itafanya kazi yenyewe. Lakini nataka kuhakikisha. Ukikubali, leo upande wa kuume tunaweka dawa na taa. Upande wa kushoto dawa ile ile, dakika zile zile, ila tunafunika, taa isifike. Kisha tunaangalia. Upande ukibakia nyuma, kesho nitaumaliza."

"Taa ya bule?" Papa Zéphirin alikunja uso. "Miye nilikuwa conducteur miaka makumi tatu. Taa ikisema simama, unasimama. Ikisema pita, unapita. Nisingeamini taa, ningeua bantu. Weye weka. Utaona."

"Nani aliona?" Ngalula akacheka.

"Weye njo utaona!"

Basi akamlaza. Alimpanua midomo kwa kile kifaa cha plastiki, akazungushia fizi utomvu wa kuzilinda, akapaka jeli pande zote mbili, akamvalisha miwani ya rangi ya chungwa. Katikati ya mdomo akasimamisha kipande cha karatasi nyeusi, na upande wa kushoto akaufunga kwa aluminium ya kufunikia chakula. Kwanza alikuwa amepima rangi kwa ile safu ya meno ya mfano yenye herufi na namba, ambayo namba ikiwa kubwa, giza ni kubwa. Pande zote mbili zilisoma A4. Akawasha taa. Dakika kumi na mbili, akafuta. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Akafunua. Alichukua kipimo, akaweka, akatoa, akaweka tena. Upande wa kushoto ulikuwa umesogea kidogo tu, huwezi hata kuapa. Upande wa kulia ulikuwa A2.

"Mama yangu!" alisema Ngalula, na furaha aliyoisikia ilikuwa ya mtoto aliyekuta kitu chini ya jiwe. Alikuwa ameshindwa, na alifurahi mno.

Papa Zéphirin alipopewa kioo hakufurahi hata kidogo. "Docteur! Nusu? Utaniacha nusu?"

"Kesho, papa. Kesho na taa, tunamaliza. Nimekuahidi."

Hapa ndipo angefunga mlango akaenda nyumbani kwa watoto wake. Thubutu! Mtu wa "nani aliona" anaenda nyumbani na swali kichwani? Alichemsha chai nyeusi, akaloweka vipande viwili vya kitambaa cheupe, akavipaka jeli, kimoja akakiweka chini ya taa, kingine ndani ya droo. Akawasha. Cha kwenye taa kikaanza kupauka mbele ya macho yake. Akabadilisha kitambaa, akawasha tena. Akasogeza taa mbali, akaisogeza karibu. Saa kumi alasiri courant ya umeme ikakatika, ikarudi kwa kishindo, ikakatika tena. Taa ilitoa mlio mdogo na harufu ya plastiki inayoungua, na huo ukawa mwisho wake.

Ngalula alikaa juu ya kile kiti cha wagonjwa, mikono mapajani. Kisha akampigia Chilufya simu.

"Chilufya, hii ishirini uliandika, iko ishirini gani?"

"Ishirini ya kila siku, docteur. Ishirini volumes."

"Volumes?"

"Ehh! Kama ya kuchoma nywele. Kuko ya kumi, kuko ya ishirini, kuko ya makumi tatu. Kwa karton balikuwa bameandika sita pour cent. Mais docteur, huku kwetu nani anajua sita pour cent? Nikakugeuzia vizuri."

Alikuwa amemgeuzia vizuri, masikini, wala hakukosea hesabu. Ishirini ya wasusi ndiyo sita kwa mia ya madaktari. Daktari ndiye aliyesoma ishirini ya wasusi kwa macho ya daktari.

"Na ile weupe? Mbona jeli iko nyeupe hivi?"

"Ile banasema iko titane. Ile ile banaweka mu rangi ya nyumba. Kwa karton balichora taa pembeni."

Ngalula alikata simu akabaki anacheka peke yake, cheko la mtu aliyejipiga kidole kwa nyundo. Dawa yake haikuwa kali. Ilikuwa dhaifu, dawa ya kusinzia, na ndani yake kulikuwa na unga wa titani ambao ukipigwa na mwanga wa zambarau na bluu unaiamsha peroksidi ifanye kazi ya dawa kubwa. Bila mwanga inalala. Na wale wataalamu waliobishana miaka yote, labda kila mmoja aliona kweli: huyu alishika dawa kali, yule alishika dawa dhaifu yenye unga. Alifurahi kulielewa jambo hilo. Halafu akakumbuka kwamba taa imekufa, na furaha ikamtoka yote.

Jumatano saa sita mchana Papa Zéphirin alifika kutoka kliniki ya macho ya masista. Operesheni ya mke wake ilikuwa imepita vizuri. Alikaa kitini mwenyewe, akafungua mdomo mwenyewe.

"Papa, taa iliungua."

Akafunga mdomo.

"Nilikosa miye. Nilikuwa nacheza nayo. Nilitaka kujua."

"Ulikuwa unacheza." Alilisema polepole. "Miye bibi yangu ataniona kesho, na weye unacheza."

Ngalula aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimweleza yote: sita na ishirini, unga mweupe, dawa inayolala. Mzee alisikiliza, kofia magotini. Hasira yake ilikuwa pale pale, lakini mtu aliyeendesha mashine miaka thelathini akielezwa jinsi kitu kinavyokwenda hawezi kuacha kusikiliza. Mwishowe akanyoosha kidole dirishani.

"Na ile?"

Ngalula akageuka. Nje ilikuwa Julai, mbingu kavu haina hata wingu moja, jua limemwagika uani mpaka kuta zinaumiza macho.

"Jua?"

"Iko taa, hapana? Hii bleu yako haiko ndani?"

Imo, ndiyo. Zambarau imo na bluu imo, ila imo pia ile miale ya kuunguza midomo. Ngalula alisimama akifikiri, na safari hii hakuuliza nani aliona.

Wakatoa kiti cha jikoni uani. Alimpaka midomo mafuta mazito, akamzungushia kitambaa kibichi mdomoni na mashavuni, akamvalisha miwani, akafunika upande wa kulia kwa aluminium, wa kushoto akaupaka jeli. Mzee akainua uso juani. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama papa anakaushwa.

Dakika kumi, wakafuta. Dakika kumi nyingine. Ngalula aliweka kipimo: A3. Inakwenda! Jua la Mungu, la bure, linafanya kazi ya mashine! Akapaka mara ya tatu. Dakika ya nne mzee alishika kiti kwa nguvu, mguu ukaruka.

"Inauma?"

"Hapana. Endelea."

"Papa, inauma?"

"Nasema endelea! Kesho ataona!"

Ngalula aliinama. Ukingoni mwa fizi palikuwa pameanza kupauka vibaya. Dakika sita zaidi na pengine upande huu ungemfikia mwenzake. Alitaka kujua, jamani, alitaka kuliko hata mzee mwenyewe. Akachukua pamba, akaifuta jeli yote.

"Meno yako utaitafunia miaka ingine makumi mbili," alisema. "Imekwisha, papa. Nisamehe."

Kwa hiyo mdomo wa Papa Zéphirin ukabaki A2 kulia na A3 kushoto. Ukisimama mbali huoni. Ukisogea, ni ukuta uliopakwa rangi na watu wawili ambao hawakusemezana.

Alhamisi asubuhi mzee alimwomba daktari amsindikize kliniki. Ngalula alijiambia anakwenda kumtia moyo. Tusimwonee, alikwenda kwa hilo pia, lakini alitaka sana kuyaona yale meno kwenye mwanga wa asubuhi.

Marie-Thérèse alikuwa mwanamke mdogo, ameketi wima kitandani, kitenge kimefungwa vizuri. Sista alimbandua bandage, akamsafisha, akasema fungua taratibu. Alifungua. Alitazama kwanza mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Akatazama pazia la dirisha kwa muda mrefu, akatabasamu. Kisha akamtazama mume wake, aliyesimama mwisho wa kitanda amefunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

"Umezeeka, Zéphirin."

Akatikisa kichwa, ndiyo.

"Kuya karibu. Cheka."

Hakucheka. Lakini alifungua mdomo, maana hakuna namna nyingine ya kumtii. Marie-Thérèse alimshika kidevu, akamgeuza kwenye dirisha, huku, kisha kule. Akapitisha kidole gumba juu ya meno ya kulia. Akapitisha juu ya meno ya kushoto.

"Hii kazi iko ya nani?"

"Iko yangu, mama," alisema Ngalula kutoka mlangoni. "Docteur ya meno."

"Na mbona ulifanya nusu?"

Ngalula akaanza kutafuta maneno ya kueleza taa na jua. Papa Zéphirin akamtangulia.

"Marie-Thérèse. Nilivuta. Hii miaka yote. Sikuacha hata siku moja."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Zéphirin, ni macho njo ilikufa. Pua haikukufa! Menthe na tumbaku, menthe na tumbaku, miaka ine. Hata kuku tulikuwa tunaikula inanuka cigarette."

Sista aligeukia dirishani, mabega yakamcheza. Papa Zéphirin hakuweza kucheka. "Mbona haukusema?"

Mke wake alikuwa bado amemshika kidevu. "Ulikuwa unapika. Ulikuwa unafula nguo. Ulikuwa unanichana nywele, na haukujua kuchana, ulikuwa unaniumiza, na haukulalamika hata siku moja. Nikasema, huyu mutu amebakia na kintu moja tu ya kwake, kule nyuma ya nyumba. Nikakuachia."

Mzee akalia. Alilia waziwazi, kofia imeanguka chini. Miaka minne mtu hakuona chochote, na alijua kila kitu.

"Mais sasa naona," alisema Marie-Thérèse, na akamfuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nyuma ya nyumba imekwisha. Ukitaka kuvuta, vuta mbele yangu. Ukitaka kuacha, acha mbele yangu."

Papa Zéphirin alitoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya shuka. Mke wake aliitazama, akalisoma jina la sigara kwa sauti, neno la kwanza kulisoma baada ya miaka minne, akaisukuma chini ya mto.

Ngalula alisogea hatua moja. "Mama, taa yangu ikitengenezwa, na fizi zake zikipona, nitamumaliza upande wa kushoto. Bule. Nilimuahidi."

"Hapana, docteur. Aksanti." Marie-Thérèse hakugeuza hata macho, alikuwa bado anamtazama mume wake mdomoni. "Hii ya kuume ulifanya muzuri. Ile ya kushoto njo ile miaka ine yenyewe. Sikuiona. Uniachie niiangalie."